Kuvu Haitanihamisha

Kuvu ilirudi ukutani kwa mara ya tatu, na safari hii ilirudi kwa ghadhabu. Ilipasua rangi ya mafuta ambayo Gikonyo alikuwa ameipaka ili kuifunika, ikatokeza kwa madoa meusi yenye manyoya, ikateremka kutoka kwenye kona ya dari mpaka ikapotea nyuma ya magunia ya mahindi. Rahab, mkewe, alisimama akaitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekula, akalala, na bado haonyeshi dalili ya kuaga. Nyuma yake mumewe alikohoa mpaka akashika meza.

“Mimi nimechoka,” Gikonyo alisema alipopata pumzi. “Nimempigia Kiarie simu. Jumamosi anakuja na lori. Tunarudi Thika kwa watu wetu, na hii nyumba anayeitaka aichukue.”

“Unaniuliza ama unaniambia, Baba Kiarie?”

“Nakuambia.”

Rahab alichukua kitambaa, akafuta tone la maji lililokuwa likiteremka juu ya ile rangi inayong'aa. Kabla hajakikamua, tone jingine lilikuwa limeshajaa mahali pale pale.

Nyumba ile haikuzaliwa hivyo. Waliijenga nje kidogo ya mji wa Kitale kwa akiba ya miaka ambayo Gikonyo alikuwa karani wa ghala bandarini Mombasa, na Rahab mwenyewe ndiye aliyemwonyesha fundi mahali pa kila dirisha. Ukiacha lile dogo la jikoni, matatu yalitazama barabara. La nne, kubwa kuliko yote, lilitazama boma la jirani yao Sellah, na lilikuwa likipokea jua la asubuhi kabla ya chai kuiva. Kisha ukaja mwaka wa elfu mbili na nane na vurugu zake za baada ya uchaguzi. Wakakimbilia Mabanga, karibu na Bungoma, kwa Phelista, ambaye yeye na mumewe Khaemba walikuwa wamepanga nao nyumba moja kule Mombasa. Waliporudi mwezi wa tatu walikuta paa lipo, milango ipo, ila vioo vyote vimevunjwa kwa mawe.

Nani aliyevivunja? Gikonyo hakuuliza. Mtu anayeogopa jibu huacha swali lilale. Alimwita Walubengo, fundi wa mtaani, akamwagiza ang'oe fremu zilizopinda na kujenga matofali mahali pake. Fundi alianza na lile dirisha la upande wa Sellah, akamalizia na yale ya barabarani. Hata vitundu vya hewa vya juu ya madirisha vilikandikwa saruji, kwa kuwa Gikonyo alisema moto hauhitaji mlango, unahitaji tundu tu. Likabaki dirisha la jikoni peke yake. Kisha mahindi, ambayo kwa ajili ya kukimbia kwao yalikuwa yamebaki shambani mpaka yakanyeshewa, hakuyapeleka ghalani. Ghala lilikuwa mbali na macho yake. Aliyapanga sebuleni, gunia juu ya gunia, yakiuegemea ukuta uliozibwa. Jiwe likipita ukuta, alisema, litakutana na mahindi kwanza.

Mvua za Kitale hazina haraka. Zilinyesha kila alasiri, zikailowesha plasta kwa nje, na kwa ndani mahindi mabichi yakawa yanahema unyevu wake usiokuwa na pa kutokea. Gikonyo alipoona kuta zimelowa aliwasha jiko la makaa sebuleni ili zikauke, na juu ya jiko akateleka chai, kwa maana moto wa bure ni dhambi. Mvuke ukapanda, ukagusa ukuta wa baridi, ukageuka maji. Rahab aliliona jambo hilo na kulisema. Alisema pia kwamba makaa katika chumba kisicho na hewa yataua mtu. Mumewe alimjibu kwamba aliyekwisha kuponea mawe hawezi kufa kwa chai.

Hospitalini, daktari kijana alimpima kifua, akasikiliza mgongo, akauliza nyumba yao ikoje. Rahab alipomweleza, kijana yule aliweka kalamu chini.

“Mzee, huna kifua kikuu. Ni vile unavuta kuvu usiku na mchana. Hiyo nyumba ibadilike, ama utoke ndani yake.”

Gikonyo alilisikia neno moja tu: utoke. Na kusema kweli, alikuwa akilisubiri.

Kesho yake Rahab alisafiri kwenda Mabanga kumuaga rafiki yake. Alimkuta Phelista uani, ameinama juu ya turubai, akitandaza maharagwe upesi upesi kabla jua halijabadilisha nia.

“Kuniaga?” Phelista aliinuka, mkono kiunoni. “Kuniaga ukienda wapi, bana?”

“Thika. Kwa Kiarie.”

“Kutembea?”

“Kukaa.” Kisha Rahab akamweleza yote, rangi na magunia, jiko na daktari.

Phelista alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka. Alicheka akajifuta macho kwa pindo la leso. “Ngoja, ngoja nielewe. Watu na mawe yao walishindwa kukutoa Kitale. Sasa unatolewa na uchafu wa ukutani? Ukifika Thika, wamama wa kanisa wakikuuliza nini kilikufukuza, utasema ati kuvu?”

“Phelista, usinicheke. Mzee anaumwa.”

“Si nacheka mzee, nacheka wewe. Ile nyumba yetu ya Tudor, kule Mombasa, unakumbuka? Bahari ilikuwa inatoka jasho ukutani kama mtu wa malaria. Viatu vikikaa chini ya kitanda wiki moja vinaota ndevu. Nani alihama?”

“Hakuna.”

“Na Jumamosi yako ilikuwa ya nini?”

Rahab alijikuta anajibu kama mtoto anayesomeshwa. “Kusogeza kabati kutoka ukutani. Kufungua huku na huku upepo upite. Kufuta kwa siki. Kuanika magodoro.”

“Basi. Mikono iliisha?”

“Mombasa hatukuwa tunaogopa madirisha,” Rahab alisema.

Hapo Phelista aliacha kucheka. Akaokota harage moja bovu, akalitupa mbali na mengine. “Wale vijana walipokuja hapa kuniuliza kama nina wageni, mlango wangu ulikuwa vipi?”

“Wazi.”

“Wazi kabisa! Nyinyi mko chumba cha ndani mnatetemeka, mimi nimekaa mlangoni nachambua mboga, nawaambia wapite waangalie wakitaka. Hawakupita. Mlango uliofungwa ndio unaulizwa maswali, Rahab. Sasa nyinyi mmejenga nyumba ambayo yote ni swali.”

Wakati wa kuagana Phelista hakumpa mkono. “Mkono wa kwaheri sikupi,” alisema. “Nitakupa ukija kutembea.”

Maneno yale yalimchoma Rahab njia nzima. Ijumaa asubuhi, Gikonyo alipokwenda mjini kuonana na dalali wa mashamba, Rahab alikwenda moja kwa moja kwa Walubengo. Alimkuta akinoa mwiko wake.

“Fundi, lile dirisha la upande wa Sellah. Njoo ulifungue leo.”

Walubengo alimwangalia, akaangalia barabara. “Mzee amesema?”

“Nimesema mimi.”

“Mama Kiarie, usinikosanishe na mzee. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Mwanamke akikandika ukuta ni sawa, hiyo ni kazi yake tangu zamani. Lakini kubomoa? Hapana. Hata kwetu mwanamke habomoi ukuta wa bwana yake akiwa hai.”

“Na akifa kwa sababu ya huo ukuta, nitaruhusiwa?”

Walubengo aliuinamia tena mwiko wake.

“Basi niazime nyundo na tindo,” Rahab alisema. “Kuazima si kubomoa.”

Fundi alivitoa bila kumtazama usoni, akamwambia tu kwamba safu ya juu ndiyo iliyo dhaifu, kwani siku ile saruji ilikuwa imepungua.

Rahab hakuchagua dirisha lile kwa hasira. Alichagua kwa hesabu. Upepo hauingii mahali usipoweza kutoka, na lile ndilo lililokabiliana na dirisha la jikoni. Alijifunga leso puani na mdomoni, akaanza kuburuta magunia. Ya mbele yalikuwa salama. Ya nyuma, yaliyogusa ukuta, yalichanika mkononi kama karatasi iliyolowa, na mahindi yaliyomwagika yalikuwa yameshikamana mabonge ya kijani na meusi. Harufu yake ilipenya leso. Akayasukuma kando, akapanda juu ya stuli, akaweka tindo kwenye safu ya juu, akapiga.

Pigo la kwanza lilimrudishia maumivu mpaka begani. La pili lilitoa vumbi. Alipiga bila kuhesabu. Mama wa miaka sitini na mmoja, aliyevaa sweta ya kanisani iliyozeeka, anabomoa ukuta mchana kweupe. Jambo kama hilo haliwezi kukosa watazamaji. Vijana wa baiskeli waliokuwa wakipita na abiria walisimama barabarani kusikiliza.

“Niaje, mathe!” mmoja aliita. “Unatoroka jela?”

“Ndiyo!” Rahab alijibu kutoka ndani. “Na wewe ukitaka kuingia kuna nafasi, mimi natoka!”

Wakacheka, na wakati wanacheka tofali la kwanza likaangukia nje. Mwanga uliingia kwa tundu lile kama mkono. Rahab aligeuka kuona mwanga unaangukia wapi, na akajuta na kushukuru kwa pamoja, kwani sasa aliona kile walichokuwa wakilala nacho. Dari lilikuwa limechakaa kwa koga mpaka katikati. Mgongo wa kiti cha mumewe, kile alichokalia kila jioni akiulinda mlango, ulikuwa na alama nyeusi kama kivuli cha mtu.

Aliporudisha macho tunduni alikutana na macho mengine. Sellah alikuwa amesimama upande wa pili, beseni la nguo kiunoni.

Tangu mwezi wa tatu wanawake hawa wawili walikuwa wakisalimiana kwa vichwa tu.

“Mama Kiarie. Unafanya nini?”

“Nafungua.”

“Mzee anajua?”

“Atajua.”

Sellah aliweka beseni chini. Aliyatazama matofali huku Rahab akipiga pigo moja, mbili. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelibeba neno kwa muda mrefu, “Walubengo alianza na hili dirisha. Kabla ya zile za barabara. Nilikuwa nimesimama hapa hapa nikaona. Kila asubuhi nikifungua mlango wangu, naona ukuta wako. Mlikuwa mnanisema mimi.”

Nyundo ilitulia. Rahab angeweza kusema ni mzee, si mimi; na ingekuwa nusu ya kweli. “Tulikuwa tunaogopa kila mtu,” alisema. “Na wewe ukiwa ndani ya kila mtu. Nisamehe, mama.”

“Hata mimi nilikuwa naogopa kila mtu,” Sellah alijibu. Akaondoka. Rahab alidhani amekwenda zake. Lakini alirudi na jembe, akaingiza ubapa wake kati ya matofali kutoka nje, akavuta. “Wewe piga, mimi nivute. Usinivunje vidole.”

Gikonyo alirudi akawakuta hivyo, mmoja ndani na mmoja nje, na kati yao tundu ambalo ng'ombe angeweza kupitisha kichwa. Alisimama sebuleni na kofia mkononi.

“Mama Kiarie! Umerukwa na akili?” Kikohozi kilimkatiza. Alisubiri kipite, akaendelea kwa sauti ndogo zaidi, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. “Hiyo ni kinga yangu. Nimeijenga ili tulale.”

“Kinga?” Rahab alishuka kwenye stuli. Hakupiga kelele. Alitwaa koleo, akachota bonge la mahindi yaliyooza, akalileta chini ya mwanga. “Njoo uone kinga yako. Imemaliza mahindi, sasa imeingia kwa mapafu. Mawe yalivunja kioo, Baba Kiarie. Hayakukugusa wewe. Huu ukuta ndio unakuua, na umeujenga wewe mwenyewe. Mimi sihami. Ukitaka kwenda Thika nenda, nitakupikia njugu za safari. Lakini watu hawakunihamisha, na kuvu haitanihamisha.”

Mzee aliyatazama mahindi. Kisha, badala ya kumjibu mkewe, alisogea tunduni polepole, akamtazama Sellah, na lile swali alilolilaza tangu mwezi wa tatu likainuka lenyewe.

“Mama, nani alivunja vioo vyangu?”

“Sijui, mzee.”

“Ulikuwa hapa.”

“Sikuwa kwa nyumba. Nilikuwa shambani mwako.” Sellah aliegemea jembe. “Wewe hukuwa umevuna, si unakumbuka? Mahindi ilikuwa imesimama. Nilichukua watoto nikalala nao katikati, tukajifunika mabua. Usiku tatu. Vioo nilisikia tu vikilia. Mtu sikuona, na kama ningeona, singeinua kichwa.”

“Mahindi yangu?”

“Yako. Na nilivunja mabua mengine, unisamehe.”

Gikonyo alitoa sauti ambayo Rahab kwanza alidhani ni kikohozi. Ilikuwa kicheko, ingawa kilimalizikia katika kukohoa. “Nami nilikuwa nikilaani panya!” alisema. Alijifuta macho, na hakuna aliyemwuliza kama ni kwa vumbi. Kisha akavua koti. “Lete nyundo. Unapiga kama unapasua kuni.”

“Nyundo hupewi,” Rahab alimwambia. “Wewe unatoka nje ukae kwa hewa. Hii vumbi si ya kifua chako.”

“Mimi ndiye mwenye nyumba!”

“Ndiyo. Mwenye nyumba akae barazani apumue.”

Wakambebea kiti cha mbao, si kile cha kitambaa, kwa kuwa kile kilikuwa kimekwisha kuhukumiwa. Kutoka barazani Gikonyo alitoa amri ambazo hakuna aliyezitii. Walubengo, aliyekuwa akichungulia tangu asubuhi, alipoona mzee mwenyewe ameketi na amenyamaza kuhusu ukuta, alikuja kukamilisha kazi. Wanawake wakageukia kuvu.

Rahab alirudia utaratibu wa Tudor. Kwanza kulowesha, kwa sababu kuvu ikisuguliwa kavu hupeperuka na kupanda mahali pengine. Halafu kukwangua ile rangi ya mafuta yote, mpaka plasta ikaonekana, maana rangi juu ya kuvu ni blanketi tu. Kisha siki kwa brashi ngumu, na kuiacha ikae. Sellah alipoleta jiki ya kufulia na kutaka kuimimina katika ndoo ile ile, Rahab alimshika mkono.

“Usichanganye! Moshi wa hizo mbili utatuangusha hapa. Jiki ni ya sakafu, na kwa ndoo yake.”

“Mwalimu, nimesikia,” Sellah alisema, akipiga saluti na brashi.

Mahindi mazima yalianikwa juu ya turubai. Yaliyooza yalirundikwa kando, nayo ndiyo yaliyoleta ugomvi wa mwisho wa siku ile.

“Wapeni kuku,” Gikonyo aliita.

“Na hao kuku wataliwa na nani?” Rahab aliuliza.

“Basi kuna mtu Moi's Bridge ananunua ya namna hiyo. Anachanganya na mazuri, hakuna anayejua.”

“Hakuna anayejua mpaka mtoto wa mtu azikwe. Miaka minne iliyopita watu walikufa Ukambani kwa mahindi ya kuvu, na redio ilisema mpaka ikachoka. Yanaenda shimoni, Baba Kiarie. Yote.”

Mzee alinung'unika kwamba jasho lake linazikwa kama maiti. Lakini Sellah alipoanza kuchimba shimo hakumzuia.

Jumamosi Kiarie alifika na lori, akasimama mlangoni akiwa amepigwa na butwaa. Ukuta wa sebule ulikuwa umelowa chokaa nyeupe. Mahali palipokuwa na matofali palikuwa wazi, na upepo ulikuwa ukivuka kutoka jikoni hadi kwa Sellah kama mtu mwenye haraka zake.

“Mum, mbona hamjapakia?”

“Muulize baba yako. Mimi nilishasema langu.”

Kabla Kiarie hajauliza, dalali wa mashamba alitokea njiani na mteja aliyevaa viatu visivyojua matope. “Mzee, sasa!” aliita kwa furaha. “Nimeleta mtu serious. Tuingie aone nyumba?”

Gikonyo aliinuka kitini. Alikuwa bado anahema kwa filimbi, na mtu asingesema amepona. Aliingia sebuleni mpaka kwenye lile tundu, akaweka viwiko juu ya kizingiti chake kibichi, akawatazama kutoka ndani.

“Aone kutoka hapo hapo,” alisema. “Ameona?”

“Ameona, lakini—”

“Vizuri. Sasa mwonyeshe njia ya kurudi.”

“Mzee, si jana ulisema unauza?”

“Jana nilikuwa sioni nje. Uza yako!”

Dalali aliondoka akijieleza kwa mteja wake, na vijana wa baiskeli walimsindikiza kwa miluzi. Kiarie alibaki katikati ya ua, funguo za lori mkononi, akimtazama baba kisha mama.

“Kwa hivyo lori nifanye nini nayo?”

“Nenda nayo Bungoma,” Gikonyo alimwambia. “Bwana ya Phelista anachomelea vyuma. Atutengenezee fremu nne, na vitundu vya hewa juu, kama vile mama yako alikuwa ameweka. Chukua futi upime.”

Kiarie alipima, akaandika kiganjani. Akasita. “Nimwambie aweke grili za vyuma, baba?”

Gikonyo alifikiri. Alitazama barabara, akatazama boma la Sellah, ambako shuka zilikuwa zikipigwa na upepo ule ule.

“Aweke,” alisema. “Mimi si mjinga. Lakini dirisha lenyewe lifunguke lote, mpaka mwisho.”

Aligeuka kumwuliza Rahab kama amesahau kipimo chochote. Hakumwona. Alimsikia tu, chumba cha pili, akigonga tindo kwenye ukuta wa barabarani.